Je, Mzazi Aweza Kujivua Mwanawe?

Ndugu zetu Waislamu, miongoni mwa mambo yaliyozoeleka katika miji yetu ya pwani ni haya: mume na mke wakishaachana, mmoja wao husema, "Mtoto huyu nimekuachia, sina haki naye tena." Pengine huandikwa karatasi, na mashahidi wakatia sahihi. Mume hudhani ametua mzigo, na mke hudhani amestarehe. Basi na tutazame sharia yasemaje, kwani karatasi haihalalishi alichokiharamisha Mwenyezi Mungu.

Kwanza yatupasa kutenganisha mambo mawili: haki ya mzazi na haki ya mtoto. Mwenye haki aweza kuisamehe haki yake, lakini hawezi kusamehe haki ya mwengine. Huu ndio msingi wa mas-ala yote haya.

Ama hadhana, yaani malezi ya mtoto mdogo, mama amtangulia baba. Bibi mmoja alimshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe amemtaliki, naye ataka kumpokonya mwanawe. Mtume akamhukumia mama, maadamu hajaolewa na mume mwengine. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mtoto akifikia umri wa kupambanua, nao ni kiasi cha miaka 7, hukhiyarishwa baina ya wazazi wake. Mama akiiacha haki hii kwa khiari yake, yafaa. Nayo humwendea mama yake mzazi. Na wamesema wanavyuoni kwamba akirejea kuitaka, hurejeshewa. Basi mama aliyesema neno kwa hasira siku ya talaka hajafungiwa mlango.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar alimkuta mwanawe Asim akicheza kwenye msikiti wa Quba, akamchukua juu ya mnyama wake. Nyanya yake mtoto, mzaa mama, akamzuia, wakenda kwa Sayyidna Abubakar. Abubakar akamwamrisha Umar amwachie mtoto, na Umar hakujibu neno. Ikiwa Umar alitii, ni nani katika sisi atakayejiona mkubwa kuliko hukumu?

Ama nafaqa, hiyo ni haki ya mtoto. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imemuwajibisha baba chakula na mavazi ya mama anyonyeshaye, na imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Mama aweza kumsamehe mtalaka wake mahari yaliyosalia, kwani ni mali yake. Lakini chakula cha mtoto si mali yake hata akisamehe. Baba akiwa hana uwezo, mzigo humwendea babu mzaa baba. Haufutiki kwa sahihi ya mke.

Kutokana na aya hiyo twafahamu ubaya wa mume amwambiaye mkewe, "Niachie watoto ndipo nikupe talaka." Huyo amemfanya mwanawe kuwa bei. Na mama amfichaye mtoto ili babake asimwone, naye pia amedhuru.

Ama nasaba, haipewi mtu wala haiuzwi. Zaid bin Haritha alikuwa akiitwa mwana wa Muhammad, mpaka iliposhuka aya ya 5 ya Suratul Ahzab ikaamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Kumpa ndugu asiyezaa mtoto amlee ni wema, na kumlea yatima ni thawabu kubwa. Lakini jina hubaki la babake, na urithi hubaki kwa wazazi wake. Mlezi akitaka kumwachia kitu, ampe zawadi katika uhai wake, au amuusie kisichozidi thuluthi ya mali. Na akinyonyeshwa na mke wa mlezi mara tano kabla hajatimiza miaka 2, huwa mahramu wao.

Sheria ya nchi nayo imekaribia maana hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, imewapa mama na baba jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imeitambua kafala, yaani malezi ya mtoto mwenye kuhitaji ulinzi kwa mujibu wa sharia ya Kiislamu.

Basi mzazi aliyeelemewa asione haya kumkabidhi mwanawe kwa jamaa mwaminifu. Hiyo ni amana, wala si kujivua. Na waachanao waende kwa Kadhi, waandike kiasi cha nafaqa, siku za kuonana na mtoto, na nani atalipa ada ya chuo na skuli. Karatasi kama hiyo ndiyo ifaayo kutiwa sahihi. Talaka huvunja ndoa. Haivunji ubaba wala umama, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Wabillahi tawfiq.