Spina bahili au spina wa wiketi?

Komredi, nianze na kosa langu mwenyewe. Muhula uliopita nilikuwa natunza daftari la timu yetu ya kriketi, kwa sababu mimi peke yangu pale nasoma takwimu. Kocha akaniuliza swali dogo tu: kati ya vijana wawili wanaorusha spini, nani aende mashindanoni? Nikafungua daftari. Mmoja alikuwa anatoa mikimbio minne kwa ova. Mwingine, bwana mdogo wa mwaka wa kwanza, karibu sita. Nikasema wa kwanza, bila hata kufikiri mara mbili. Tukaenda, na wapigaji wawili wa wapinzani wakakaa katikati ya kiwanja zaidi ya saa nzima bila mtu wa kuwatoa. Spina wetu hakupigwa sana siku hiyo. Hakupata wiketi hata moja pia. Yule wa mwaka wa kwanza sijamwona mazoezini tena.

Nimeandika makala haya kwa sababu kosa langu halikuwa la chuo tu. Wateuzi wa timu za taifa hulifanya kila mwaka, na wana kompyuta nzuri kuliko daftari langu.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Spina ni mrushaji asiyetegemea kasi. Mpira wake unapogonga pichi hugeuka. Wako wanaouzungusha kwa vidole, na wako wanaouzungusha kwa kifundo cha mkono. Wa vidole kwa kawaida huuongoza mpira vizuri zaidi. Wa kifundo hupata mzunguko mkubwa, na ana ile mipira ya hila kama gugli, inayotoka kwa mkono uleule lakini ikageukia upande usiotegemewa. Bei yake ni kwamba mara kwa mara mpira humtoka vibaya, ukaanguka mfupi, na mpigaji akautuma nje ya uzio. Ndiyo maana wa kifundo huonekana ghali kwenye daftari.

Sasa hesabu. Kuna namba tatu: mikimbio kwa ova, mipira kwa wiketi, na mikimbio kwa wiketi, ambayo ndiyo wastani. Tatu hizi ni ndugu. Zidisha mipira kwa wiketi na mikimbio kwa ova, gawanya kwa 6, unapata wastani. Chukua spina bahili: anatoa 4 kwa ova na anahitaji mipira 60 kupata wiketi. Wastani wake ni 40. Chukua spina ghali: anatoa 5.5 kwa ova lakini anapata wiketi kila mipira 30. Wastani wake ni 27.5. Katika ova 10 bahili ametoa mikimbio 40 na wiketi moja. Ghali ametoa 55 na wiketi mbili. Yaani swali halisi la mteuzi ni hili: je, wiketi ile ya ziada ina thamani ya mikimbio 15? Ikiwa ni ya mpigaji aliyezoea pichi na zimebaki ova 25, hata mtoto wa jirani atakwambia ina thamani zaidi ya hapo. Mimi nilitazama namba ya kwanza, nikafunga daftari.

Kuna sababu wateuzi huvutwa na bahili. Spina akipigwa sita mbili mfululizo, uwanja mzima unaona, na lawama inaenda kwa aliyemchagua. Spina asiyepata wiketi haonekani na mtu. Timu inashindwa polepole, na lawama inagawanywa kwa watu kumi na mmoja.

Mfano wa kuvumilia upo, na ni maarufu. Shane Warne wa Australia alianza mechi za Testi Sydney, Januari 1992, dhidi ya India. Siku zile alitoa mikimbio 150 na kupata wiketi moja. Huko Colombo mwezi wa Agosti mwaka uleule, kabla ya kurusha katika zamu ya mwisho ya mechi, rekodi yake yote ya Testi ilikuwa wiketi moja kwa mikimbio 335. Fikiria wewe ndiye mteuzi, unaisoma namba hiyo mezani! Sri Lanka walihitaji mikimbio 181 tu kushinda, na nahodha Allan Border akampa Warne mpira mwishoni. Akapata wiketi tatu kwa mikimbio 11, Australia wakashinda kwa mikimbio 16. Kweli, zilikuwa wiketi za mkia, za watu ambao kazi yao si kupiga. Lakini bila mtu kumwamini siku ile, sijui kama tungesikia habari za wiketi 708 alizostaafu nazo.

India nao waliwahi kufanya uamuzi mgumu zaidi, maana waliowaweka kando hawakuwa watu wa kawaida. Fainali ya Champions Trophy, London, Juni 2017: Pakistan walifunga 338, na spina wawili wa India, Ravichandran Ashwin na Ravindra Jadeja, walirusha ova 18 kwa mikimbio 137 bila wiketi. India wakashindwa kwa mikimbio 180. Baada ya hapo mechi za ova 50 zikahamia kwa vijana wawili wa kifundo, Kuldeep Yadav na Yuzvendra Chahal. Mwanzoni mwa 2018 walikwenda Afrika Kusini kwa mechi sita. Kuldeep alichukua wiketi 17, Chahal 16, na India wakashinda tano kati ya sita. Ashwin na Jadeja hawakuwa wabaya hata kidogo. Kwenye Testi waliendelea kutisha. Kazi ilikuwa imebadilika: wapigaji wa siku hizi hawaogopi ova kavu, wanajua watazilipia mbele. Katikati ya mechi unahitaji mtu wa kuwatoa.

Lakini usikimbie ukachukue kila anayezungusha kwa kifundo. Hapa Kenya yetu ina somo ambalo nadhani ni bora kuliko yote mawili, kwa sababu mwaka mmoja tulikuwa na spina wa aina zote mbili na wote walitufaa.

Tarehe 24 Februari 2003, uwanja wa Gymkhana, Nairobi, Kombe la Dunia. Kenya ilifunga 210. Sri Lanka, mabingwa wa 1996, walitolewa wote kwa 157. Collins Obuya, spina wa kifundo mwenye umri wa miaka 21, alirusha ova zake 10 akatoa mikimbio 24 na kuchukua wiketi 5. Aravinda de Silva alikuwa mmoja wao, Mahela Jayawardene pia. Hiyo ni wiketi kila mipira 12, na hazikuwa za mkia. Wazee waliokuwepo bado wanasimulia kama ilikuwa jana.

Kisha Durban, tarehe 15 Machi. Australia, waliokuja kutwaa kombe, walihitaji 175 tu. Nahodha Steve Tikolo akampa mpira Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa mwenye miaka 39, aliyekuwa nahodha wetu 1999, akastaafu, akarudishwa kikosini. Spina wa vidole, mkono wa kushoto, hana maajabu. Alirusha ova 8 na mipira 2. Ova sita hazikutoa mkimbio hata mmoja. Jumla alitoa mikimbio 7 na kuchukua wiketi 3: Ricky Ponting, Darren Lehmann, Brad Hogg. Tulishindwa mechi, lakini tuzo ya mchezaji bora alichukua Karim.

Sasa Karim ni bahili au ni wa wiketi? Hapo ndipo mgawanyo wangu wa kwenye daftari unavunjika. Ubahili wake ulikuwa ndio mtego wenyewe: mpira ulitua palepale, tena na tena, mpaka mpigaji akakosa pumzi. Frank Nsubuga wa Uganda alifanya jambo la ukoo huohuo kwenye Kombe la Dunia la ova 20 mwaka 2024, akiwa na miaka 43. Dhidi ya Papua New Guinea alitoa mikimbio 4 tu katika ova 4, akapata wiketi 2, na Uganda wakashinda.

Kwa hiyo usimuulize spina anatoa mikimbio mingapi tu. Uliza wiketi zake zinatoka wapi. Bahili wa Karim anamlazimisha mpigaji akosee. Bahili mwingine, na nadhani wetu wa chuo alikuwa huyu, anarusha mpira wa haraka na bapa ambao mpigaji haoni sababu ya kuuhangaikia; anausukuma, anachukua mkimbio mmoja, maisha yanaendelea. Kwenye namba ya ova wawili hawa wanafanana kabisa. Ukitaka kuwatofautisha, hesabu mipira mingapi ilimpita mpigaji bila kuguswa, mingapi ilipaa juu karibu kudakwa, na nani alitoka: wapigaji saba wa kwanza au wale wa mwisho.

Jingine ambalo wateuzi husahau: spina wa kifundo hachaguliwi peke yake. Anahitaji mlinda wiketi anayeusoma mkono wake, mdakaji wa slipu asiyelala, na nahodha atakayemwachia mpira baada ya kupigwa sita. Ukimchagua halafu ukamtoa baada ya ova mbili, umempa aibu tu. Nafasi umemnyima.

Na ni kitu chepesi kupotea. Obuya baada ya 2003 alisajiliwa na Warwickshire, Uingereza. Lakini goti lilimsumbua, na spini yake haikurudi ilivyokuwa. Alibaki timu ya taifa kama mpigaji. 2011 aliwafungia Australia 98 bila kutolewa, huko Bangalore. Mchezaji mzuri mpaka mwisho. Spini ile ya Gymkhana ndiyo tulikosa.

Majaribio ya timu yetu ni Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, pale kwenye pichi ya zulia. Daftari jipya nimelichora: safu ya mikimbio ipo, ila imehamia mwisho. Za mbele ni mipira iliyompita mpigaji, nafasi zilizodondoshwa, na jina la kila aliyetolewa. Na kama unamjua yule bwana mdogo, anakaa hosteli za nyuma, mwambie aje. Mwambie mwenye daftari amemtuma.