Karanga mbovu zisiishie kwenye uji wa watoto

Karanga zinang'olewa, mahindi yamekauka kwenye mabua, na wakulima wa Dodoma, Singida na Manyara wanasikilizia bei. Wakati wa kuchambua, kuna mazoea yanayonisikitisha kila mwaka: nzuri zinakwenda sokoni, zilizosinyaa na kubadilika rangi zinabaki nyumbani. Hizo ndizo zinazotwangwa kuungia mboga na kutiwa kwenye uji wa mtoto, na humo ndimo sumukuvu inamojazana.

Sumu hii hutolewa na ukungu wa Aspergillus, unaoishi udongoni na kushambulia hasa mazao yaliyopigwa na ukame, yaliyotobolewa na wadudu au kuanikwa vibaya. Ukiila kidogo kidogo kwa miaka, inaweza kukuletea saratani ya ini, na mwenye virusi vya homa ya ini B yuko hatarini zaidi. Ikiwa nyingi huua ndani ya siku chache. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikaua Dodoma na Manyara. Kuipika hakuimalizi.

Kwa hiyo tuizuie kabla haijafika jikoni. Karanga ukishazing'oa, zilaze maganda yakitazama juu yapigwe na jua. Na nawasihi, msizinyunyizie maji ili zibanguke kirahisi. Najua vidole vinauma, lakini maji hayo yanaupa ukungu nafasi ya kuanza upya ndani ya gunia. Afadhali kikundi kichange kununua mashine ya mkono.

Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yafike unyevu usiozidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda ubavuni, unyevu umepita asilimia 15: rudisha juani. Isipoganda, bado ongeza siku moja ya jua kali, kwa sababu chupa haioni tofauti ndogo.

Punje zilizooza, zilizosinyaa na zenye ukungu zifukiwe. Msizipikie pombe, msiwape kuku, wala ng'ombe wa maziwa, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Sahani nayo ibadilike. Nyumba inayokula ugali wa mahindi mchana na usiku, mwaka mzima, inajiweka katika hatari ya kuila sumu hii kila siku. Mtama, uwele, viazi na muhogo vipokezane na mahindi, na kunde zichukue zamu ya karanga kwenye mboga.

Kwa msimu ujao, mwulizeni bwana shamba kuhusu Aflasafe TZ01. Ni ukungu usio na sumu, unaomwagwa shambani wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua, ukawahi nafasi ya ule wenye sumu.