Punguza mzigo kwenye kipakatalishi chako

Umenunua kipakatalishi kipya hapa Kianyaga, lakini kinachelewa kuwaka? Kabla ya kumlipa fundi, kagua programu za ziada zilizowekwa na mtengenezaji: michezo, matangazo na kinga za virusi za majaribio. Hizi hula nafasi, na nyingine huhatarisha siri zako. Mwaka wa 2015 ilibainika kuwa Superfish, programu iliyokuja na baadhi ya vipakatalishi vya Lenovo, ilidhoofisha usalama wa tovuti, zikiwemo za benki.

Kwa wanaotumia Windows 11:

1. Weka nakala ya faili zako kwenye flashi.
2. Fungua “Settings”, kisha “Apps”, halafu “Installed apps”.
3. Bonyeza vitone vitatu kando ya programu usiyoihitaji, kisha “Uninstall”.
4. Usiondoe yenye neno “driver”. Huendesha vifaa kama sauti na Wi-Fi. Usiyoifahamu, ulizia kwanza.
5. Zima kipakatalishi na ukiwashe tena.

Ukiondoa kinga ya majaribio, ile ya Windows yenyewe huanza kazi. Hivyo, unapoingia eCitizen au iTax, hutakuwa bila ulinzi.