Jua Haki Zako: Marehemu Aliomba Mwili Wake Uchomwe, Ukoo Umekataa

Remba ni kisiwa, mwamba mdogo uliojaa mabati katikati ya Ziwa Victoria. Wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaishi huko wakibanana, na mtu akifa, la kwanza ni kutafuta mashua ya kumvusha. Wengi hurudishwa dala, yaani boma la kwao, kuzikwa. Lakini wapo wanaoacha neno kwamba wachomwe, na ugomvi huanza kabla mwili haujafika mochari.

Sheria ya Kenya haikatazi kuchoma mwili. Wangari Maathai alichomwa Kariokor, Nairobi, Oktoba 2011. Bob Collymore, mkuu wa Safaricom, alichomwa hapo Julai 2019, na tarehe 3 Agosti mwaka huohuo akafuata Ken Okoth, mbunge wa Kibra ambaye kwao ni Kasewe, Homa Bay. Baadhi ya wazee walipinga, wakisema Mjaluo hachomwi. Hata hivyo alichomwa.

Kinachogombaniwa mahakamani ni nani mwenye kauli. Maiti si mali, wala hairithiwi. Wosia kuhusu mwili haumfungi mtu kama wosia wa shamba. Katika kesi ya Apeli dhidi ya Buluku, Mahakama ya Rufani ilisema matakwa ya marehemu yatimizwe kadiri inavyowezekana, mradi yasipingane na mila wala sheria. Kisha Mei 1987 mahakama hiyohiyo ikaupa ukoo mwili wa wakili S.M. Otieno, na mjane wake Wambui akashindwa. Otieno alizikwa Nyalgunga, Siaya, zaidi ya miezi mitano baada ya kufariki.

Mama mjane, kesi hiyo isikukatishe tamaa. Katiba ya 2010 imebadili mambo. Kifungu cha 2(4) kinabatilisha mila inayopingana na Katiba, na cha 45 kinawapa mume na mke haki sawa. Mahakama hutazama pia nani aliishi na marehemu na kumuuguza. Kwa hiyo tunza ushahidi: cheti cha ndoa, au mashahidi wa mahari, risiti za hospitali, majirani. Na wewe uliye hai unayetaka kuchomwa, andika, tia sahihi mbele ya mashahidi, na mmoja wao awe mtu wa ukoo wako. Mdomo mtupu hupotea siku ya matanga.

Kifo kikitokea nyumbani kisiwani, kiripotiwe kwa naibu wa chifu. Kikitokea hospitalini, hospitali ndiyo huandika taarifa. Hapo ndipo hutolewa kibali cha mazishi, nacho kinahitajika hata kwa kuchoma. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo inahusu kila anayefia Kenya, awe Mkenya, Mganda au Mtanzania. Kwa mgeni, ubalozi wake nao ujulishwe mapema.

Aliyezama au kufa kwa ghafla ni suala la polisi kwanza. Piga ripoti, pata nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na subiri upasuaji wa maiti. Hapa nasisitiza kwa moyo wangu wote: moto hauna rufaa. Mwili uliozikwa unaweza kufukuliwa kwa kibali, lakini uliochomwa umemaliza ushahidi wa kifo chenye utata, na umemaliza pia njia rahisi ya mtoto kuthibitisha baba yake. Kama kuna mtoto ambaye uzazi wake unabishaniwa, sampuli za DNA zichukuliwe kwanza. Haki yake ya urithi isiungue pamoja na mwili.

Msiwashe kuni ufukweni. Mahali pa kuchomea panahitaji idhini, na Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya makaburi na matanuri ya kuchomea maiti. Mwulizeni mwakilishi wadi wenu kaunti inatoa huduma gani. Ulizeni pia kwa viongozi wa jamii ya Wahindu Kisumu, ambao desturi yao ni kuchoma maiti, kabla ya kugharamia safari ya Nairobi, na mjue ada na stakabadhi zinazotakiwa kabla mwili haujaondoka mochari.

Ukoo ukikataa, kaeni kwanza na naibu wa chifu na wazee. Wakumbusheni kwamba mila yenyewe ina njia: ziwa likimmeza mtu asionekane, Wajaluo huzika tunda la yago mahali pake. Ikiwa yago huweza kumwakilisha mwana wa dala, majivu yake halisi hayawezi kukosa nafasi kaburini. Nimeona hoja hii ni nzito kuliko vifungu vyote nilivyotaja.

Ikishindikana, nenda Mahakama ya Mbita haraka uombe zuio, maana gharama za mochari hupanda kila siku. Asiye na pesa ya wakili aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Zuio likitolewa dhidi yako, hata kama unaliona la uonevu, usichome. Kuidharau amri ya mahakama kunaweza kukupeleka jela. Na mkipatana kesi ikiwa inaendelea, yaandikeni mapatano, kila upande utie sahihi, mwombe hakimu ayapitishe kuwa amri.