SOMO LA MATUNZO: PIKIPIKI YA CHAMA NA HESABU YA KILOMITA

Mizani ya chama hukaguliwa kila mwaka na kupigwa muhuri, na hakuna katibu mwangalifu anayethubutu kuwapimia wakulima mazao kwa mizani ambayo muda wa muhuri wake umepita. Ghala nalo hutazamwa paa na sakafu kabla ya msimu. Pikipiki, ambayo imenunuliwa kwa fedha za wanachama hao hao, mara nyingi haina siku yake ya kukaguliwa. Hupelekwa kwa fundi siku inapokataa kuwaka, na siku hiyo huwa katikati ya ununuzi, kwa kuwa huo ndio wakati inapofanya kazi kuliko nyakati zote. Hapo karani wa kituo husubiri vitabu vya stakabadhi, wakulima humsubiri karani, na mazao hulala nje.

Somo hili linahusu pikipiki ya njia mbovu, yaani ile yenye springi ndefu, tairi zenye meno makubwa na tumbo lililoinuka juu ya mawe. Honda XL 125 na Yamaha DT 125, zilizotoka miaka ya 1970, ni za ukoo huo. Yamaha AG 100 ilitengenezwa hasa kwa kazi za shamba. Katika nchi tajiri dada zao wakubwa, kama BMW R 80 G/S iliyotolewa mwaka 1980, hutumiwa zaidi kwa matembezi ya mbali. Kazi ya chama cha msingi ni nyingine, lakini maadui ni wale wale: vumbi, maji na mtikisiko.

Jedwali la kitabu na maneno yaliyo chini yake

Pikipiki mpya huja na kitabu, na ndani ya kitabu mna jedwali la huduma. Vitabu vingi vya pikipiki ndogo hutaka oili ya kwanza ya injini imwagwe kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu vyuma vipya vinaposuguana hutoa unga unaobaki ndani ya oili. Baada ya hapo oili hubadilishwa kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Wengi husoma jedwali hilo na kuishia hapo. Chini yake, kwa kawaida kwa herufi ndogo, mna maneno kwamba pikipiki inayokwenda katika vumbi, matope au kwa mizigo mizito ihudumiwe mapema zaidi. Maneno hayo madogo ndiyo yanayokihusu chama cha msingi kuliko jedwali zima.

Kwa mfano, chama fulani cha wakulima wa pamba kina vituo vitano vya kununulia. Mzunguko mmoja wa vituo vyote ni kilomita 60, nao hufanywa mara tatu kwa wiki. Hiyo ni kilomita 180. Safari moja ya kwenda benki mjini na kurudi ni kilomita 80. Jumla ni kilomita 260 kwa wiki, na kwa msimu wa wiki 12 ni kilomita 3,120. Ikiwa kitabu cha pikipiki hiyo kinasema oili ibadilishwe kila kilomita 3,000, basi msimu wote, ambao huangukia kiangazi, utapita kwa oili moja, nayo itamwagwa katika wiki ya mwisho kazi ikiwa imekwisha. Chama kikikata kipimo hicho nusu na kuweka kilomita 1,500, oili itabadilishwa katika wiki ya sita na tena katika wiki ya 12. Injini za ukubwa huu hubeba oili inayokaribia lita moja. Tofauti ya ratiba hizi mbili, basi, ni lita moja ya oili na muda mfupi wa kazi ya fundi. Na kwa injini ni tofauti ya miaka.

Oili yenyewe ichaguliwe kwa uangalifu. Katika pikipiki nyingi za mapigo manne, klachi huzunguka ndani ya oili ile ile ya injini. Oili ya gari inaweza kuwa na dawa za kupunguza msuguano, na klachi inayolowa dawa hizo huteleza: injini hunguruma, pikipiki haiendi. Tangu mwaka 1998 Wajapani wameweka alama ya JASO MA kwa oili zinazofaa klachi za namna hiyo. Katibu atafute alama hiyo juu ya kopo, anunue kopo ambalo lakiri yake haijafunguliwa, na adai risiti.

Injini ya mapigo mawili, kama ya Yamaha DT 125 ya zamani na ya AG 100, ina desturi yake. Oili yake hukaa katika tangi dogo la pembeni, huingia kwenye injini na kuungua pamoja na petroli. Haibadilishwi, huongezwa. Tangi hilo likikauka, pistoni hukwama ndani ya silinda baada ya safari fupi tu. Kwa hiyo hutazamwa kila asubuhi kabla ya kuwasha, wala halingojei kilomita. Gia zake zina oili nyingine ya peke yake, na hiyo ndiyo inayosahauliwa, kwa kuwa anayejaza tangi la pembeni huamini kwamba amemaliza.

Kichujio cha hewa

Kama chama kina uwezo wa kushika jambo moja tu katika somo hili, kishike hili la kichujio. Vumbi la barabara lina chembe za kwatzi, na kwatzi ni jiwe gumu kuliko chuma cha kawaida. Chembe hizo zikipita kichujio huingia kwenye silinda, huchanganyika na oili na kufanya kazi ya msasa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Hakuna kelele itakayosikika wala taa itakayowaka. Baada ya miezi kadhaa pikipiki hupoteza nguvu mlimani, oili hupungua bila kuvuja, na injini ya mapigo manne huanza kutoa moshi wa buluu. Wakati huo hakuna huduma itakayosaidia. Silinda hutobolewa upya na kuwekewa pistoni nyingine, na gharama yake hailingani kamwe na ya sabuni na mafuta ya taa.

Kichujio cha sponji hutolewa, huoshwa kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, na kukamuliwa kwa kubanwa katikati ya viganja. Kisisokotwe kama nguo, kwa maana kitachanika. Kikaushwe kivulini, kilowekwe oili kidogo, kibanwe tena mpaka oili iache kutona, ndipo kirudishwe. Ile oili ndiyo inayokamata vumbi. Sponji kavu huliachia lipite. Petroli isitumike kuoshea, maana ni hatari ya moto na hula gundi ya sponji. Kichujio cha karatasi hakioshwi kabisa. Hugongwagongwa taratibu na kupulizwa kutoka ndani kwenda nje, na kikizidi kuchakaa hununuliwa kingine.

Wakati wa ununuzi kazi hii ifanywe kila wiki, na ifanywe siku ile ile ikiwa pikipiki ilisafiri nyuma ya malori ya mazao. Wapo mafundi wanaokitoa kichujio na kukitupa ili injini ipumue vizuri. Ni kweli kwamba kwa siku chache pikipiki inaweza kuonekana nyepesi. Fundi wa namna hiyo asipewe tena pikipiki ya chama.

Mnyororo, magurudumu na breki

Ardhi nayo ina sehemu yake katika ratiba. Udongo mweusi wa mbuga za Shinyanga na Simiyu wakati wa mvua hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Katika nchi za tumbaku za Tabora mchanga hula mnyororo na sproketi. Katika miteremko ya kahawa, iwe Kilimanjaro, Rungwe au Mbinga, breki ndizo zinazokwisha kwanza.

Mnyororo usafishwe na kupakwa oili baada ya safari, ungali na joto, ili oili ipenye kwenye pini zake. Ulegevu wake hupimwa katikati ya upande wa chini kwa kuuinua na kuushusha. Kwa pikipiki nyingi za njia mbovu ni kama milimita 30 hadi 45. Kipimo halisi kimo kitabuni, na mara nyingi kimebandikwa kwenye uma wa nyuma. Anayedhani kwamba mnyororo uliokaza ndio mzuri hukosea. Gurudumu la nyuma linapopanda juu ya jiwe, mnyororo hukaza zaidi, na kama haukuachiwa nafasi huvuta beringi za gurudumu na za sanduku la gia mpaka ziharibike. Meno ya sproketi yakijipinda kama kulabu, sproketi zote mbili na mnyororo vibadilishwe pamoja. Mnyororo mpya juu ya meno mabovu utakwisha upesi. Pikipiki kama AG 100, ambayo mnyororo wake umefunikwa wote, huhitaji kazi hii mara chache zaidi, na jambo hilo lifikiriwe wakati wa kununua.

Spoki hugongwa moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu. Unene wa viatu au pedi za breki utazamwe kila mwezi. Penye breki za maji, maji hayo hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama hayajapungua. Upepo wa tairi upimwe asubuhi, tairi zikiwa baridi. Nafasi za valvu, ambazo hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita, ni kazi ya fundi mwenye vipimo, injini ikiwa baridi. Chama kihakikishe tu kwamba zimo katika ratiba.

Daftari na vocha za petroli

Ratiba ya kilomita huishi kwa mita. Waya wa mita hukatika mara kwa mara katika njia za mawe, na kwa kuwa pikipiki huendelea kutembea, waya huo huachwa. Tangu siku hiyo chama hakina ratiba tena, kina kumbukumbu ya mpanda pikipiki tu. Waya wa mita utengenezwe mapema kama breki inavyotengenezwa.

Wakati unapotafutwa, vocha za petroli zinaweza kushika nafasi ya mita. Chama kikiwa kimepima na kuona kwamba pikipiki yake huenda kilomita 35 kwa lita moja, basi lita 43 ni kama kilomita 1,500. Hesabu hii ina faida ya pili. Kilomita kwa lita zikianza kupungua, jambo moja kati ya mawili limetokea: ama pikipiki ina ugonjwa, kama kichujio kilichoziba, breki zinazoshika au upepo mdogo wa tairi, ama petroli inakwenda mahali ambako pikipiki haikwenda. Kamati inayosoma daftari kila mwezi itauliza mapema na kwa adabu. Kamati isiyosoma itaulizwa na mkaguzi, na baada yake na mkutano mkuu.

Daftari liwe na tarehe, namba ya mita, kazi iliyofanywa, vifaa vilivyonunuliwa, namba ya risiti, na sahihi za mpanda pikipiki na fundi. Mpanda pikipiki akibadilika, daftari likabidhiwe pamoja na ufunguo, na mita isomwe mbele ya wote wawili.

Kuhusu makisio, vyama vingi huandika petroli katika mstari wake na matengenezo katika mstari mwingine, kisha kamati inapotafuta pa kupunguza hukata matengenezo. Ni afadhali huduma ihesabiwe pamoja na petroli kwa kilomita zile zile. Chama cha mfano uliotolewa hapo juu kinapopitisha petroli ya kilomita 3,120, kipitishe wakati huo huo oili ya mara mbili, sabuni na mafuta ya taa ya wiki 12, na akiba ya pedi na tyubu. Chama kisichoweza kulipia huduma za kilomita hizo kipunguze mizunguko, kwa mfano kutoka mitatu hadi miwili kwa wiki, na kuwaarifu wanachama siku mpya za malipo kabla msimu haujaanza.

Zoezi la kamati

Oili ya pikipiki ya chama ilibadilishwa mara ya mwisho mita ikisoma 18,460. Leo Jumatatu mita inasoma 19,540. Pikipiki huenda kilomita 260 kwa wiki, na ratiba ya chama ni kilomita 1,500. Tangu oili ilipobadilishwa, vocha za petroli zinaonyesha lita 36. Katika msimu uliopita pikipiki hiyo hiyo ilikwenda kilomita 35 kwa lita. Ununuzi umebakiza wiki nne. Oili itabadilishwa katika wiki ya ngapi kuanzia leo? Pikipiki inakwenda kilomita ngapi kwa lita hivi sasa? Ni mambo gani yatazamwe kwenye pikipiki yenyewe, na kwa utaratibu upi, kabla kamati haijamwita mtu yeyote kujieleza?