Darsa la Siku ya 13: Bi Asiya, Mtoto Mmoja na Walezi Wawili



Ndugu yangu, natumai funga inakwenda vizuri na jua la leo halijakushinda. Leo tunaingia kwenye kasri la Firauni, lakini hatumwendei Firauni. Tunamwendea mkewe.

Qur'ani haikumtaja kwa jina, imemwita mke wa Firauni basi. Jina Asiya tumelipata kwa Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim. Humo Mtume alieleza kuwa wanaume waliofikia ukamilifu ni wengi, kisha upande wa wanawake akawataja Maryam binti Imran na Asiya mke wa Firauni. Hebu fikiri ni nani anatajwa pamoja na Maryam!

Sasa tuulize swali ambalo watu wakikutana na mwanamke yeyote hawachelewi kuliuliza: ana familia gani, ana watoto wangapi?

Mume tunamjua. Mtu aliyesimama mbele ya watu akadai yeye ndiye mola wao mkubwa. Na watoto? Ibn Kathir katika tafsiri yake anasema Bi Asiya hakuwa na mtoto kwa mumewe. Malkia wa Misri, ana dhahabu, ana watumishi, ana kila kitu, ila hana wa kumwita mama. Na unajua midomo ya watu. "Ameolewa mwaka wa sita huyo, bado tu?" Wengine hawasemi, wanaangalia tumbo. Halafu tuna ile methali yetu, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huwa tunaitamka bila kugeuka kutazama nani amekaa karibu. Dada yetu aliyehangaika miaka kumi anaisikia, anainama, anajifanya anakuna nazi.

Basi shika neno hilo "uchungu wa mwana", maana tunakwenda kuona nani aliujua katika kasri lile.

Firauni alikuwa akiwachinja watoto wa kiume wa Bani Israili na kuwaacha wa kike. Hilo limo mwanzoni mwa Suratul Qasas, aya ya 4. Wafasiri wanasimulia kuwa wakubwa wa Misri walihofu watumwa watakwisha na kazi ngumu zitawarudia wao, ndipo likapangwa kuua mwaka mmoja na kuacha mwaka mmoja. Harun akazaliwa mwaka wa kuachwa, Musa mwaka wa kuuawa. Yaani hata huruma ilikuwa ni hesabu ya vibarua.

Mama yake Musa akapewa ilhamu amnyonyeshe, na akimhofia amtie mtoni. Akamweka kwenye kisanduku, mto ukakichukua mpaka kwa watu wa Firauni. Na hapo, katika aya ya 9, ndipo mke wa Firauni anapozungumza kwa mara ya kwanza. Alisema mtoto huyu ni kitulizo cha macho kwake na kwa mumewe. Akasema wasimuue. Akasema huenda akawafaa, au wamfanye mwana.

Isome tena aya hiyo leo, polepole. Kwa Kiarabu lile katazo limekuja kwa wingi: *msimuue*. Hakumwambia mumewe peke yake. Neno lake liliwafikia na wale wenye visu. Mtoto huyu hana hata siku nyingi duniani, ni wa kabila linalochukiwa, amri ya serikali ni auawe, na anayesimama mbele yake ni mwanamke ambaye hajawahi kuzaa. Uchungu wa mwana aliujua nani siku ile? Firauni alitawala nchi nzima ya kina mama wanaolia, haukumgusa.

Wafasiri wanasimulia pia kuwa Firauni alimjibu mkewe kwa mkato: kwako wewe ndiyo, kwangu mimi hapana. Akajihukumu kwa ulimi wake mwenyewe. Yule mtoto kwa mmoja akawa sababu ya uongofu, kwa mwingine akawa adui na huzuni, kama aya ya 8 inavyosema.

Kuna jambo nimependa ulijue hapa. Yale maneno ya huenda akatufaa au tumfanye mwana yamekuja Qur'ani mara mbili, na mara zote mbili ni nchini Misri. Mara ya kwanza ni Surat Yusuf, aya ya 21, ambapo mume anamwambia mkewe kuhusu Yusuf aliyemnunua. Mara ya pili ni mke anamwambia mume kuhusu Musa. Nyumba mbili za wakubwa, watoto wawili waliotenganishwa na wazazi wao, mmoja kupitia kisima na mwingine kupitia mto. Wote wawili walikuja kuwa Manabii, na wote wawili walipitia mikono ya walezi.

Haya. Mtoto amepona, lakini ana njaa na anakataa kila mnyonyeshaji. Dada yake, aliyekuwa akimfuatilia kwa mbali bila wao kujua, akajitokeza akasema anaijua nyumba itakayomlea na kumtakia mema. Mtoto akarudishwa kwa mama yake wa kumzaa ili macho yake yaburudike. Kumbuka aya ya 10 ilituambia moyo wa mama huyu ulikuwa umebaki mtupu, na alikaribia kuifichua siri.

Watu wengi wakifika hapa wanamfurahia mama Musa, na ni haki yake. Mimi naomba umtazame na Bi Asiya. Ameokoa mtoto, amempenda, na sasa mtoto anakataa chakula mpaka apelekwe kwa mwanamke mwingine. Mwenye wivu angesema, "Bora alale na njaa, atazoea." Yeye aliacha mtoto akanyonye kwa anayemtaka. Mtoto yule alikuwa na mama wawili, na hakuna mahali Qur'ani inapotuonesha wakigombana juu yake.

Sasa ruka miaka. Musa amekua, amekimbilia Madyan, ameoa, amerudi Misri akiwa Mtume wa Allah. Anasimama mbele ya Firauni na kumwambia awaachie Bani Israili. Unajua kitu cha kwanza Firauni alichomjibu? Suratush Shu'araa, aya ya 18. Hakuuliza dalili kwanza. Alimkumbusha malezi! Kwamba si sisi tuliokulea ukiwa mtoto mchanga, ukakaa kwetu miaka ya umri wako?

Kwa Kiswahili jambo hili lina jina. Ni *masimango*.

Subhanallah. Mtu aliyetaka kumchinja mtoto ndiye anayefungua daftari la deni la malezi. Na yule aliyemwokoa hasa, aliyesema msimuue, Qur'ani haikutuletea hata neno moja lake la kudai fadhila. Nyumba moja, mtoto mmoja, walezi wawili. Mmoja alimwona mtoto kuwa kitulizo cha macho, mwingine alimwandika kwenye hesabu na kungoja siku ya kumdai.

Musa naye alimjibu, aya ya 22, na jibu lake ni zito: je, hiyo ndiyo neema unayonisimbulia, na wewe umewafanya Bani Israili watumwa? Wafasiri wanafafanua: kama usingekuwa unaua watoto, mimi ningelelewa na mama yangu kwetu. Nimefika kwako kwa sababu ya dhulma yako, leo unaniita mwenye deni?

Ndugu msomaji, tuzungumze kwetu. Katika nyumba zetu za Kiswahili mtoto wa kulea hakosekani. Mtoto wa marehemu dada, mtoto wa kaka aliye safarini, mjukuu aliyeachwa kwa bibi, binti aliyeletwa kutoka shamba aje asome mjini. Ni jambo la heri kubwa, na Mtume (s.a.w.) alisema yeye na mlezi wa yatima watakuwa Peponi hivi, akaonesha kidole cha shahada na cha kati, akaviachanisha kidogo. Lakini kaa jikoni saa moja kabla ya magharibi, tazama. Nani anaosha masufuria na nani ameshika simu? Nani kavaa kanzu mpya siku ya Idi na nani kavaa ya mwenzake iliyombana? Sambusa zikihesabiwa, nani anaambiwa "wewe subiri kwanza wenzako wale"? Na akikosea, maneno yanayomtoka mlezi ni yapi? "Nimekulisha, nimekuvisha, nimekusomesha, kwenu ungekuwa wapi leo!"

Hayo ni maneno ya Firauni. Yamo katika Shu'araa. Mtoto mdogo hana elimu ya Musa ya kuyajibu, anayameza. Halafu akiwa mkubwa haji kukusalimia, unasema hana shukrani.

Kabla sijasahau, kuna masuala ambayo walezi wengi huniuliza, tuyapitie.

Mtoto wa kulea haitwi kwa jina la ubini la mlezi kana kwamba amemzaa. Suratul Ahzab, aya ya 5, imeamrisha waitwe kwa baba zao. Zayd bin Haritha alikuwa akiitwa Zayd bin Muhammad, aya iliposhuka akarudishiwa jina la babake. Wala mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Kumfichia mtoto asili yake si kumpenda zaidi. Musa alilelewa katika kasri na hakupotezwa na watu wake.

Mirathi: mtoto wa kulea harithi kwa sababu ya kulelewa. Watu wakisikia hivi wananyanyua mikono, "Basi ndiyo sheria." Ngoja. Sheria hiyohiyo imekupa milango miwili. Unaweza kumpa zawadi ungali hai, ukamkabidhi mkononi mwake, ikawa mali yake. Na madamu si mrithi wako, unaweza kumuusia mpaka thuluthi ya mali yako. Saad bin Abi Waqqas alipougua alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kuusia mali yake, akaruhusiwa thuluthi, akaambiwa hata thuluthi ni nyingi. Sasa mtu amemlea binti miaka ishirini, binti ndiye anayemwogesha akiugua, anakufa bila kuandika hata mstari mmoja. Kesho yake ndugu wanamwambia binti atoe nguo zake. Kosa hapo si la sheria, ni la kalamu iliyokaa mfukoni.

Na umahram: ukimchukua mtoto mchanga, akanyonyeshwa na wewe, au dada yako, ndani ya miaka yake miwili ya mwanzo, anakuwa wenu wa kunyonya na mengi katika mambo ya hijabu yanakuwa mepesi mtoto akishabaleghe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku pwani tunayafuata, ni manyonyesho matano yaliyo mbalimbali. Muulize shekhe wako akupangilie kulingana na hali yako, mapema, mtoto akiwa bado mchanga. Akishafika miaka mitatu mlango huo umefungwa.

Tumalizie kwa Bi Asiya mwenyewe, maana kuna jambo linasemwa kwa jina lake na si sawa. Mwanamke anapigwa na mumewe, ananyimwa, anatukanwa mbele ya watoto. Anakwenda kwa wazee, anaambiwa, "Vumilia mwanangu, Asiya alivumilia kwa Firauni." Fungua Suratut Tahrim, aya ya 11, uone Bi Asiya aliomba nini. Aliomba ajengewe nyumba Peponi kwa Mola wake. Kisha akaomba *aokolewe* na Firauni na vitendo vyake, na aokolewe na watu madhalimu. Neno la kuokolewa limekuja mara mbili katika dua moja fupi. Hakuomba azoee. Allah ameifanya dua hiyo kuwa mfano kwa walioamini wote, wanaume kwa wanawake, kwa hiyo mzee wa ukoo anayemtaja Asiya na autaje na uokovu wake.

Na kuna siri katika dua ile. Kwa Kiarabu hakuanza na nyumba. Alitanguliza "kwako", ndipo akataja nyumba. Wanazuoni wakasema alichagua jirani kabla ya jengo. Hili lina utamu zaidi ukijua asili ya neno Firauni. Katika lugha ya Wamisri wa kale lilikuwa na maana ya "nyumba kubwa". Lilikuwa jina la kasri, baadaye likawa la mfalme mwenyewe. Yeye aliishi ndani ya Nyumba Kubwa, ameolewa na Nyumba Kubwa, na akamwomba Mola wake nyumba nyingine.

Imepokewa na Imam Ahmad kwamba wanawake bora wa Peponi ni Khadija, Fatima, Maryam na Asiya. Tazama familia zao. Khadija ana mume bora kuliko wote na ana watoto. Fatima ana Ali, na ana Hasan na Husein. Maryam ana mtoto bila mume. Asiya ana mume ambaye alikuwa mtihani wake, na tumbo lake halikuzaa. Wote wanne wamo.

Dada yangu unayesoma hapa, ambaye Idi hii tena utaulizwa "bado tu?", darsa la leo nilikuwa nakuandikia wewe.

Kesho, Inshaallah, tunatoka Misri na Musa kwenda Madyan, kwenye kile kisima na mabinti wawili waliokuwa wakingoja wachungaji wamalize. Soma Suratul Qasas aya ya 22 mpaka 28 kabla hatujakutana. Futari njema, na anayelea mtoto wa mwenzake Allah ampe wepesi.

Wassalaamu alaykum.