Mnyonyaji Mbele ya Mnyonya Damu: Usawiri wa Mwindaji Laghai katika Bunilizi za Fantasia

Ikisiri

Makala hii inachunguza kisa kinachojitokeza mara kwa mara katika bunilizi za fantasia: mtu anayejipatia riziki kwa kujidai kuwa mwindaji wa mazimwi, ambaye siku moja hukabiliwa na zimwi la kweli. Filamu mbili zimeteuliwa, Fright Night (1985) na The Brothers Grimm (2005), na zinalinganishwa na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili, Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Hoja yetu ni kwamba kisa hiki kinahusu deni alilo nalo laghai kwa watu waliomwamini, na kwamba dhana ya unyonyaji, kama ilivyokomaa katika lugha ya Kiswahili, inatusaidia kulieleza deni hilo.

1.0 Utangulizi

Wahakiki wengi wanapozungumzia bunilizi za kutisha huziona kuwa ni uwanja wa mapambano baina ya imani na akili. Kwa mtazamo huo, kisa cha mwindaji laghai kinaeleweka kwa urahisi: mtu asiyeamini mazimwi anakutana na zimwi, anaadhibiwa kwa kutoamini kwake, kisha anaongoka. Maelezo haya yana ukweli, lakini hayatoshi. Hayaelezi kwa nini mtunzi humchagua laghai badala ya mtu mwingine yeyote asiyeamini, kwa mfano mwalimu, daktari au polisi. Laghai ana sifa moja ambayo hao hawana: ameila fedha ya hofu ya watu. Sifa hiyo ndiyo tunayokusudia kuichunguza.

Kabla ya kuziingia kazi teule, hatuna budi kutatua suala la istilahi, kwa kuwa neno tutakalolitumia litaathiri uchambuzi wetu.

2.0 Suala la istilahi

Kiumbe anayesimuliwa katika bunilizi za Ulaya na Marekani ni maiti anayetoka kaburini usiku na kunywa damu ya walio hai. Mtafsiri wa Kiswahili anaweza kushawishika kumwita mumiani. Hata hivyo, mumiani wa simulizi za Afrika Mashariki ni kitu kingine. Neno lenyewe lina asili ya Kiajemi na lilitaja dawa. Baadaye katika pwani yetu likahusishwa na uvumi wa watu wanaokamatwa na kutolewa damu ili itengenezwe dawa. Mumiani, kama walivyo chinjachinja na wazimamoto wa uvumi wa enzi ya ukoloni, ni mtu hai, mara nyingi mwajiriwa, anayechukua damu kwa niaba ya wengine. Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires (2000), amezikusanya simulizi hizi chini ya jina la Kiingereza la yule maiti wa Ulaya. Uamuzi huo unasaidia ulinganishi, lakini unafifisha tofauti iliyo muhimu kwetu: maiti wa Ulaya anakunywa damu kwa njaa yake mwenyewe, ilhali mumiani anafanya kazi ya ujira.

Zimwi la ngano zetu nalo halitufai kikamilifu, kwani hula watu wazimawazima na makazi yake huwa nje ya mji, msituni au porini. Kwa hiyo makala hii inatumia mnyonya damu kwa yule maiti wa Ulaya, na zimwi kama jina la jumla la viumbe wa kutisha. Uteuzi wa mnyonya damu una faida nyingine. Kitenzi kunyonya, hasa nchini Tanzania tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kimebeba maana ya kujineemesha kwa jasho la wengine. Msomaji wa Kiswahili anaposikia mnyonya damu, mnyonyaji hayuko mbali. Tutaona kwamba ukaribu huo wa maneno unatufunulia jambo katika kisa chenyewe.

3.0 Mwindaji katika historia na katika riwaya

Uwindaji wa wanyonya damu haukuanza katika filamu. Mnamo Januari 1732, daktari wa jeshi la Austria, Johann Flückinger, aliandika ripoti juu ya uchunguzi uliofanyika katika kijiji cha Medveđa, Serbia. Makaburi yalifukuliwa, na maiti walioonekana kutooza walikatwa vichwa, wakachomwa, na majivu yao yakatupwa mtoni. Mwaka 1755, baada ya kisa kama hicho huko Moravia, daktari wa Malkia Maria Theresa, Gerard van Swieten, alieleza kwamba kuchelewa kuoza kwa maiti kuna sababu za kimaumbile, na malkia akapiga marufuku ufukuaji wa aina hiyo.

Sambamba na madaktari hao, simulizi za Balkani zina mtaalamu wa kienyeji aitwaye dhampir, yaani mtoto aliyezaliwa na mnyonya damu. Yeye peke yake ndiye aliyeaminika kuweza kumwona mnyonya damu asiyeonekana na wengine. Alipoitwa kijijini alihangaika huku na huko, akapambana na adui ambaye hakuna mwingine aliyemwona, akatangaza ushindi, kisha akalipwa. Hapa tunaigusa mbegu ya kisa chetu. Katika kazi ambayo mtendaji ndiye shahidi wa pekee wa matokeo, mnunuzi hana njia ya kumtofautisha mkweli na mwongo. Ulaghai umo katika muundo wa kazi yenyewe, hata kama mtendaji fulani ana nia njema.

Bram Stoker, katika riwaya yake Dracula (1897), aliukwepa mtego huu kwa kumfanya mwindaji wake, Van Helsing, kuwa profesa na daktari. Jambo la kuzingatia ni kwamba Van Helsing ni mmoja wa wanaume wanne wanaotoa damu yao ili kumwokoa Lucy. Mwindaji wa kweli, basi, anatambulikana kwa kutoa kile ambacho adui anakichukua. Kipimo hicho ndicho tutakachokitumia kwa wawindaji wa uongo.

4.0 Peter Vincent: mwigizaji na msalaba

Fright Night, filamu iliyoandikwa na kuongozwa na Tom Holland, inasimulia habari za kijana Charley Brewster anayegundua kwamba jirani yake mpya, Jerry Dandridge, ni mnyonya damu. Anamwendea Peter Vincent, mwigizaji mzee ambaye zamani aliigiza mwindaji wa wanyonya damu na sasa anatangaza filamu hizo za kale katika televisheni. Jina lake limeundwa kutokana na majina ya waigizaji wawili, Peter Cushing na Vincent Price. Kwa hiyo tangu awali ni mhusika aliyeshonwa kwa vipande vya uigizaji. Peter anamkataa Charley, lakini rafiki wa Charley, Amy, anapompa hati ya akiba ya dola 500, anakubali. Amefukuzwa kazi na hana kodi ya nyumba. Anapanga na Dandridge jaribio la uongo: jirani atakunywa maji yanayodaiwa kuwa matakatifu, kumbe ni maji ya bomba, ili Charley atulie.

Jaribio hilo linafaulu kama mchezo wa kuigiza, na papo hapo linafeli kama ulaghai. Wakati wa kuondoka, Peter anatazama kioo chake kidogo na kuona kwamba Dandridge hana taswira humo. Anatimua mbio. Tuangalie kwa makini hatua hii. Peter sasa anajua ukweli; suala la imani na akili limekwisha kwake. Lakini bado hafanyi lolote. Anajifungia nyumbani na kumwacha kijana yule peke yake. Laiti kisa kingekuwa juu ya imani tu, hapa pangekuwa mwisho wa mabadiliko ya mhusika. Kumbe ndipo yanapoanza.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na msalaba. Katika filamu hii Peter anautumia msalaba mara tatu dhidi ya wanyonya damu. Mara ya kwanza anavamiwa chumbani mwake na Ed, rafiki wa Charley ambaye tayari amegeuzwa. Peter anamwekea msalaba usoni, nao unamuunguza. Mara ya pili anasimama mbele ya Dandridge kwa madaha yote ya jukwaani, na msalaba haufanyi kazi; wa Charley ndio unaofanya kazi, na Peter anakimbia. Mara ya tatu, karibu na mapambazuko, msalaba unafanya kazi tena mkononi mwake.

Filamu yenyewe inaeleza kushindwa kwa mara ya pili kuwa ni upungufu wa imani. Maelezo hayo yanaacha swali: imani hiyo ilikuwa wapi mara ya kwanza, usiku uleule? Tofauti baina ya matukio hayo ni kwamba chumbani Peter hakuwa na hadhira. Alikuwa mzee mwenye hofu anayeitetea roho yake. Mbele ya Dandridge alirudia ishara na sauti alizozoea kulipwa kwa ajili yake. Msalaba unafeli pale tu unapogeuka kuwa kifaa cha maonyesho. Kati ya tukio la pili na la tatu kuna jambo lililombadilisha: Peter amemuua Ed, aliyemjia kwa sura ya mbwa mwitu, na kumtazama akirudi taratibu kuwa kijana anayekufa kwa maumivu. Katika filamu zake za zamani, kifo cha mnyonya damu kilikuwa bidhaa. Hapa ni kifo cha mtoto wa watu. Peter analipa kwa kutazama, wala hageuzi uso.

5.0 Ndugu Grimm na Bwana Msa

Ndugu Jacob Grimm (1785–1863) na Wilhelm Grimm (1786–1859) walikuwa wanaisimu na wakusanyaji mashuhuri wa ngano za Kijerumani. Terry Gilliam, katika filamu ya The Brothers Grimm, anawabuni upya kuwa matapeli wanaozunguka vijijini, wakiandaa wachawi bandia kwa msaada wa wenzao na kisha kulipwa kwa kuwafukuza. Jemadari Mfaransa, Delatombe, anawakamata na kuwapeleka kijiji cha Marbaden ambako wasichana wanatoweka. Jemadari anaamini kwamba kuna matapeli wengine kama wao; kumbe msitu una sihiri ya kweli na malkia anayetaka kuurejesha ujana wake kwa uhai wa wasichana hao. Ingawa halengi shingo zao, malkia huyu naye ni mnyonyaji wa uhai wa wengine.

Fikra ya jemadari inafanana na ile ya Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti ya Bwana Ali inapatikana mahali panapoogopwa na watu, na lawama inauelekea mzimu. Bwana Msa anakataa maelezo hayo, anachunguza, na kumfikia muuaji ambaye ni binadamu. Riwaya hiyo inaandamana na methali isemayo kuwa njia ya mwongo ni fupi: uongo unafichuliwa, na kisa kinakwisha. Delatombe anafuata mantiki hiyohiyo, lakini katika ulimwengu wa fantasia inampoteza.

Tofauti hii isitufanye tuseme kwamba riwaya ya upelelezi inatetea akili na fantasia inatetea ushirikina. Zote mbili zinamshughulikia mtu aliyeitumia hofu ya wengine kwa manufaa yake. Upelelezi unamwadhibu kwa kumfichua. Kwa Peter Vincent na ndugu Grimm, kufichuliwa ni jambo dogo. Wao wenyewe wanajua kuwa ni waongo, na Delatombe amekwisha kuwafichua mapema. Fantasia inawadai zaidi: watekeleze kwa kweli ahadi waliyoiuza kwa uongo. Katika aina hii ya kisa, njia ya mwongo inakuwa ndefu, na inamfikisha palepale alipodai kuwa amewahi kufika.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba mwindaji laghai na mnyonya damu wanashabihiana. Wote wawili wanaishi kwa kuchukua, na wote wanahitaji kukaribishwa: Dandridge haingii nyumbani mwa mtu bila kualikwa, na laghai haingii kijijini bila kuitwa. Zimwi linapojitokeza, laghai anaiona kazi yake mwenyewe ikiwa haina tena kinyago. Silaha zake zinapata nguvu pale tu anapoacha kuchukua na kuanza kutoa, kama Van Helsing alivyotoa damu. Lugha ya Kiswahili, kwa kuziweka maana hizi mbili katika mzizi mmoja wa kunyonya, inaueleza ushabihiano huo kwa uwazi ambao lugha asilia ya filamu hizi haina.

Kwa watafiti wa fasihi ya Kiswahili, matokeo haya yanaibua swali linalostahili kufuatiliwa. Mganga laghai anayefichuliwa ni mhusika tunayemfahamu vyema, na kicheko chetu dhidi yake ni cha haki. Lakini mgonjwa aliyemwendea alikuwa na ugonjwa wa kweli, na baada ya kicheko ugonjwa huo unabaki. Inafaa tuzisome upya kazi zetu tukimtafuta mgonjwa huyo, na tuulize ni mtunzi gani aliyemrudisha mganga mlangoni pake, mikono mitupu, alipe deni.